Maneno Yaliyotangulia Mizinga: Istilahi za Siasa ya Ulaya, 1871–1914

Mwalimu wa historia anapofikia sura ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, aghalabu huandika ubaoni maneno yanayofanana na haya: "Mataifa makubwa ya Ulaya yaligawanyika katika miungano miwili. Kila muungano ulikuwa na mkataba wake. Mrithi wa ufalme wa Austria-Hungaria alipouawa mjini Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, mikataba hiyo iliyalazimisha mataifa yote kuingia vitani." Mwanafunzi hunakili, huhifadhi, na huyarudisha maneno hayo siku ya mtihani. Sarufi yake haina kosa na mpangilio wake unapendeza. Hata hivyo habari yenyewe si sahihi, na sehemu kubwa ya upotofu huo imo katika maneno matatu tu: muungano, mkataba na kulazimisha.

Katika makala haya tunakusudia kuyapitia baadhi ya maneno ya siasa na ya kibalozi yaliyotumika Ulaya tangu kuundwa kwa Dola ya Ujerumani mwaka 1871 hadi kufyatuliwa kwa mizinga mwezi Agosti 1914, na kuona namna yanavyoweza kuelezwa kwa Kiswahili. Vita vile viliandaliwa ofisini kabla ya kupiganwa viwanjani. Waliokuwa ofisini walikuwa watu wa kalamu, na walichagua maneno kwa uangalifu mkubwa. Pale walipotofautisha maneno mawili, walikuwa wakitofautisha matendo mawili. Mfasiri anayeyachanganya maneno hayo yakawa neno moja humficha msomaji jambo ambalo historia ipo kwa ajili ya kulionyesha, yaani kwamba katika kila hatua palikuwa na mtu aliyeweza kuamua vinginevyo.

Mfungamano na Maelewano

Tuanze na neno muungano. Msomaji wa Tanzania alisikiapo hukumbuka papo hapo tarehe 26 Aprili 1964, siku Tanganyika na Zanzibar zilipoungana na kuwa jamhuri moja. Jambo la namna hiyo halikutokea baina ya Ujerumani na Austria-Hungaria zilipotia sahihi mkataba wao wa siri tarehe 7 Oktoba 1879. Kila dola ilibaki na mfalme wake, jeshi lake na hazina yake. Lililofanyika ni kuahidiana: endapo mojawapo itashambuliwa na Urusi, nyingine itaisaidia kwa nguvu zake zote, na endapo mshambuliaji atakuwa dola nyingine, mathalani Ufaransa, basi mwenzake hatalazimika kupigana, ila atajizuia kumdhuru na atamtendea kwa wema, isipokuwa kama Urusi nayo itajiunga na mshambuliaji.

Kiswahili hakikukosa neno la jambo hili. Katika siasa ya nchi za nje tumezoea kusema "nchi zisizofungamana na upande wowote". Ikiwa kutofungamana ni hali ya nchi iliyokataa kuahidi kupigana kwa ajili ya kambi fulani, basi hali iliyo kinyume chake ni mfungamano. Mkataba wa 1879 ulikuwa mfungamano. Tarehe 20 Mei 1882 Italia ilipojiunga kwa mkataba mwingine, ukawapo Mfungamano wa Nchi Tatu. Kadhalika mapatano ya kijeshi yaliyoandikwa baina ya Ufaransa na Urusi mwaka 1892, na kuthibitishwa mwanzoni mwa 1894, yalikuwa mfungamano, kwa kuwa kila upande uliahidi kuleta majeshi iwapo mwenzake atashambuliwa.

Hali ni tofauti tunapofika tarehe 8 Aprili 1904. Siku hiyo Uingereza na Ufaransa zilitia sahihi hati ambazo Wafaransa waliziita kwa neno "entente", maana yake kuelewana. Hati hizo zilihusu makoloni. Ufaransa iliahidi kutoizuia Uingereza nchini Misri, na Uingereza ikaahidi kutoizuia Ufaransa nchini Moroko. Pakawekwa sawa pia magomvi ya uvuvi wa Newfoundland, mipaka ya Afrika ya Magharibi, na mambo ya Siam, Madagascar na visiwa vya New Hebrides. Hapakuwa na sentensi hata moja iliyoahidi askari. Mapatano ya Uingereza na Urusi ya tarehe 31 Agosti 1907 yalikuwa ya aina hiyo hiyo: yalihusu Uajemi, Afghanistan na Tibet.

Msomaji wa pwani ya Afrika ya Mashariki anaijua biashara ya namna hii. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba ambao kwao Ujerumani iliutambua ulinzi wa Uingereza juu ya Zanzibar na kuiachia Witu, nayo ikapewa kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Ulikuwa mkataba kamili, lakini hakuna aliyedai kwamba mataifa hayo mawili yalikuwa yamefungamana. Kwa hiyo neno mkataba peke yake halituambii kama nchi zimeahidi kupigana pamoja au zimepunguza magomvi tu. Kwa "entente" tunapendekeza neno maelewano, na kwa kambi ya Uingereza, Ufaransa na Urusi, Maelewano ya Nchi Tatu.

Tofauti hii ilijulikana vema na wenyewe. Kuanzia 1906 maofisa wa kijeshi wa Uingereza na Ufaransa walikuwa wakishauriana kwa siri namna ya kusaidiana ikitokea vita. Mwezi Novemba 1912 Edward Grey, waziri wa mambo ya nchi za nje wa Uingereza, alibadilishana barua na balozi wa Ufaransa, Paul Cambon, na ndani yake wakakubaliana kwamba mashauriano ya wataalamu hayaifungi serikali yoyote. Lakini wakati huo huo Ufaransa ilikuwa ikikusanya meli zake za vita katika Bahari ya Kati, na Uingereza zake katika Bahari ya Kaskazini. Maneno yalisema hatujafungana, na manowari zilikaa kana kwamba wamefungana. Ujerumani, kwa upande wake, iliendelea kutumaini hadi siku za mwisho kwamba Uingereza ingebaki nje.

Sasa na tuitazame tena sentensi ya ubaoni. Italia ilikuwa katika mfungamano, uliofanywa upya kwa mara ya mwisho mwezi Desemba 1912. Lakini vita vilipoanza ilitangaza kutoingia, kwa hoja kwamba mfungamano ule ulikuwa wa kujihami, na Austria-Hungaria ndiyo iliyoshambulia bila hata kushauriana nayo. Mwezi Mei 1915 Italia iliingia vitani upande wa pili. Uingereza haikuwa katika mfungamano wowote na Ufaransa wala Urusi. Lakini iliingia vitani tarehe 4 Agosti 1914. Aliyekuwa ametia sahihi alibaki nje, na ambaye hakutia sahihi aliingia. Mikataba ilikuwa na uzito mkubwa, lakini haikumlazimisha mtu kama gari linavyovuta tela.

Kukalia na Kutwaa

Jozi ya pili ya maneno inatupeleka nchi za Balkani. Mwaka 1878, baada ya vita vya Urusi na Uturuki, mataifa makubwa yalikutana mjini Berlin na kuamua kwamba Bosnia na Herzegovina, zilizokuwa mali ya Sultani wa Uturuki, zikaliwe na kutawaliwa na Austria-Hungaria. Majeshi yaliingia mwaka huo huo, na wenyeji walipigana nayo kwa miezi kadhaa. Lakini kwa mujibu wa sheria nchi ilibaki kuwa ya Sultani. Mwezi Oktoba 1908 Austria-Hungaria ilitangaza kwamba nchi hizo tangu hapo ni sehemu ya dola yake.

Mfasiri anayeandika kwamba Austria "iliiteka Bosnia" mwaka 1878, na kisha "iliiteka Bosnia" tena mwaka 1908, atamshangaza msomaji: kilichotekwa hutekwaje mara ya pili? Na anayeacha kabisa habari ya 1908 kwa sababu "nchi ilikuwa yao tayari" atashindwa kueleza hasira iliyofuata. Hapa panahitajika vitenzi viwili. Kukalia nchi ni kuweka majeshi na utawala ndani yake bila kuifuta haki ya mwenyewe. Kutwaa nchi ni kuifuta haki hiyo na kuitia nchi katika mali yako. Mpangaji aliyekaa nyumbani kwa miaka 30 bado ni mpangaji. Siku atakapokwenda kubadili hati ya nyumba, jirani zake hawatasema kwamba hapana lililotokea.

Tungeshauri pia kwamba mfasiri asiongeze maneno "kwa mabavu" kila mara anapotumia kukalia. Kuna ukaliaji ulioidhinishwa na mkutano wa mataifa, kama ule wa 1878, na kuna ukaliaji usio na idhini. Kama mabavu yalitumika, na yaelezwe katika sentensi yake yenyewe, pamoja na nani aliyatumia na dhidi ya nani.

Kutwaliwa kwa Bosnia kuliiumiza Serbia, iliyotumaini kwamba siku moja Waserbia wa nchi hiyo wangekuwa raia wake. Urusi ilitaka kuisaidia, lakini ilikuwa bado dhaifu baada ya kushindwa na Japani mwaka 1905. Mwezi Machi 1909 Ujerumani iliitaka Urusi itoe jibu la wazi kwamba inakubali, nayo ikakubali. Tarehe 31 Machi 1909 Serbia ilitoa tamko kwamba haki zake hazikuguswa na kwamba itaishi na Austria-Hungaria kwa ujirani mwema. Tamko hilo na likumbukwe, kwa maana tutakutana nalo tena. Na aliyemuua Franz Ferdinand mwaka 1914, Gavrilo Princip, alikuwa Mserbia mzaliwa wa Bosnia.

Dhamana

Neno la tatu ni dhamana. Mtumishi wa mahakama analijua: mtu amekamatwa, ndugu yake amesimama kuwa mdhamini. Wazee wa Tanganyika nao walilijua katika umbo jingine, kwa kuwa nchi yao iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa tangu 1946 hadi uhuru mwaka 1961. Katika siasa ya Ulaya ya karne ya 19, dhamana ilikuwa ahadi ya mataifa makubwa kwamba nchi ndogo haitaguswa.

Ubelgiji ilikuwa na dhamana ya namna hiyo. Kwa mikataba iliyotiwa sahihi mjini London tarehe 19 Aprili 1839, ilitambuliwa kuwa nchi huru isiyoegemea upande wowote daima, na Uingereza, Ufaransa, Austria, Prussia na Urusi zikawa wadhamini. Luxembourg nayo ilipata dhamana yake, mjini London pia, tarehe 11 Mei 1867. Lakini humo liliongezwa neno moja: dhamana "ya pamoja". Mara tu baada ya kutia sahihi, waziri wa mambo ya nchi za nje wa Uingereza, Lord Stanley, alilieleza bunge lake kwamba neno hilo maana yake ni kwamba hakuna mdhamini anayelazimika kutenda peke yake; wote watende kwa pamoja, au asiwepo wa kulazimishwa. Na kwa kuwa mvunjaji wa dhamana yamkini atakuwa mmoja wa wadhamini wenyewe, ni dhahiri kwamba siku hiyo "wote kwa pamoja" haitapatikana.

Tarehe 2 Agosti 1914 majeshi ya Ujerumani yaliingia Luxembourg. Uingereza haikutangaza vita. Tarehe 4 Agosti yaliingia Ubelgiji. Uingereza iliipa Ujerumani muda hadi saa tano usiku kwa saa za London, na muda ulipopita vita vikawapo. Wanahistoria wameonyesha kwamba sheria peke yake haikuamua jambo hili: Uingereza haikutaka kuiona Ufaransa ikiangushwa, wala pwani inayoikabili ikishikwa na manowari za Ujerumani. Hata hivyo tofauti ya maneno ya 1839 na 1867 iliwapa mawaziri njia ya kusimama kimya siku ya kwanza na kusimama kidete siku ya pili. Bethmann Hollweg, Kansela wa Ujerumani, alimlalamikia balozi wa Uingereza kwamba wanapigana kwa ajili ya kipande cha karatasi. Maneno hayo, yaliyoripotiwa na balozi mwenyewe, yaliidhuru Ujerumani duniani kote.

Kwa hiyo mfasiri anapokutana na dhamana katika mkataba hana budi kuuliza: ni dhamana ya kila mmoja, au ni dhamana ya pamoja tu? Ya kwanza ni deni la kila mdhamini. Ya pili yaweza kuwa deni lisilo na mdaiwa. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kuona jambo "la pamoja" likisifiwa kuwa lina nguvu zaidi, atakosea asipotahadharishwa kwamba hapa "pamoja" limepunguza nguvu.

Makataa

Tarehe 23 Julai 1914, saa kumi na mbili jioni, balozi wa Austria-Hungaria mjini Belgrade alikabidhi waraka kwa serikali ya Serbia. Ulianza kwa kulinukuu tamko la tarehe 31 Machi 1909, ukadai kwamba Serbia haikulitimiza, ukaorodhesha madai kumi, na ukataka jibu katika muda wa saa 48. Vitabu vya lugha za Ulaya huuita waraka huu kwa neno la Kilatini "ultimatum". Kwa Kiswahili pamependekezwa onyo la mwisho, sharti la mwisho, na kauli ya mwisho. Sisi tunaona kwamba neno makataa linafaa zaidi. Lina udugu wa maana na kukata shauri, na wasemaji hulitumia kwa muda ambao baada yake hakuna tena majadiliano. Onyo laweza kutolewa bila tarehe, makataa hayawezi.

Lakini Austria-Hungaria yenyewe ilikataa jina hilo. Tarehe 24 Julai balozi wake mjini London alimweleza Grey kwamba waraka ule haukuwa makataa, bali hatua ya kibalozi yenye kikomo cha muda: muda ukiisha bila jibu la kuridhisha, serikali yake itavunja uhusiano wa kibalozi na kuanza maandalizi ya kijeshi, siyo mapigano. Huenda msomaji akaona kwamba huu ni mchezo wa maneno tu. Faida ya mchezo huo ilikuwa kubwa, kwa sababu mataifa mengine yalitulizwa kidogo katika siku ambazo kila saa ilikuwa na thamani. Mfasiri wa barua ile hana ruhusa ya kuandika "makataa" mahali ambapo mwandishi ameandika kwa makusudi "hatua". Tukisawazisha maneno, ujanja wa mwandishi utapotea, na ujanja huo nao ni sehemu ya historia.

Ndani ya waraka huo palikuwa na mfano mwingine ambao kila mtumishi wa sheria atautambua. Dai la sita liliitaka Serbia ifungue uchunguzi wa kimahakama dhidi ya walioshiriki njama na wanaopatikana katika ardhi yake, na kwamba wajumbe wa Austria-Hungaria washiriki katika upekuzi unaohusika. Tarehe 25 Julai Serbia ilijibu kwa upole madai karibu yote, lakini hili ililikataa kwa hoja kwamba maofisa wa nchi ya kigeni kushiriki katika uchunguzi wa mahakama kungevunja katiba na sheria ya mashauri ya jinai. Austria-Hungaria ikasema kwamba Serbia imelipotosha dai hilo kwa makusudi. Haikuomba kushiriki mahakamani, bali katika upelelezi wa polisi. Na serikali yoyote inajua kwamba hayo ni mambo mawili.

Hatusemi kwamba vita vilitokana na neno hilo. Ushahidi uliopo waonyesha kwamba wakubwa wa Vienna walikuwa wamekwisha kuamua kupigana, na kwamba waliyaandika madai yale wakitumaini kwamba yatakataliwa. Lakini mwanafunzi anayesoma kwamba "Serbia ilikataa uchunguzi" hatajua kwamba pande mbili zilikuwa zikibishana ni uchunguzi gani. Kiswahili kina uchunguzi wa mahakama, na kina upelelezi wa polisi. Tukiwa na zana zote mbili mkononi, hatuna udhuru wa kutumia moja tu.

Mwito wa Majeshi

Neno la mwisho ndilo zito kuliko yote. Tarehe 28 Julai Austria-Hungaria ilitangaza vita dhidi ya Serbia. Tarehe 29 Urusi iliamuru sehemu ya askari wake wa akiba waitwe, katika majimbo yanayoielekea Austria. Tarehe 30 Tsar Nicholas II alikubali waitwe wote. Katika baadhi ya maandiko ya Kiswahili kitendo hiki kimeitwa "uhamasishaji". Hapa hatuna budi kupinga. Kuhamasisha ni kutia watu hamasa: tunahamasisha wananchi kulima, kuchimba visima, kujiandikisha katika elimu ya watu wazima. Aliyehamasishwa aweza kuketi nyumbani kwake. Lakini tendo la 1914 lilikuwa amri. Mamilioni ya wanaume waliokuwa mashambani na viwandani walitakiwa kuripoti kambini katika siku iliyotajwa, farasi wakachukuliwa, na reli zikawekwa chini ya ratiba ya jeshi. Tunapendekeza mwito wa majeshi; na ndani yake, mwito wa sehemu na mwito mkuu.

Je, mwito wa majeshi ni vita? Swali hili la istilahi liliulizwa na wenye mamlaka wenyewe. Mwaka 1892, mapatano ya Ufaransa na Urusi yalipokuwa yakijadiliwa, Jenerali Boisdeffre wa Ufaransa alimwambia Tsar Alexander III kwamba kuita majeshi ni sawa na kutangaza vita. Mwaka 1914 mwanawe, Nicholas II, alishika maana nyingine. Katika simu aliyompelekea Kaiser Wilhelm II tarehe 1 Agosti, alisema anaelewa kwamba Ujerumani italazimika kuita majeshi, lakini anaomba ahadi kama aliyoitoa yeye, kwamba hatua hizo si vita na kwamba mazungumzo yataendelea.

Kwa Urusi maana hiyo iliwezekana. Nchi yake ni pana, na askari wake wangechukua majuma mengi kukusanyika. Wangeweza kukaa mpakani wakingoja. Kwa Ujerumani haikuwezekana, kwa sababu ya mpango wake wa vita. Mpango huo ulitaka Ufaransa ishindwe upesi, kabla Urusi haijawa tayari, kwa kupita Ubelgiji. Na mji wa Liège, wenye ngome na makutano ya reli, ulipaswa kutekwa katika siku za kwanza kabisa za mwito. Kuita majeshi na kuvuka mpaka wa nchi nyingine vilikuwa katika ratiba moja. Ndiyo maana tarehe 31 Julai Ujerumani iliipa Urusi makataa ya saa 12 iusimamishe mwito wake, na jioni ya tarehe 1 Agosti ikatangaza vita. Tarehe 3 Agosti ikatangaza vita dhidi ya Ufaransa.

Basi wafalme wawili, binamu kwa ukoo, walitumia neno moja kwa maana mbili, na kila mmoja alikuwa na haki katika maana yake. Msomaji atakayeona "uhamasishaji" hataona ratiba za reli. Na atakayesoma kwamba "Urusi ilianza vita tarehe 30 Julai" atakuwa amepewa maana ya Kijerumani bila kuambiwa kwamba ipo na ya Kirusi.

Maneno Hayo Yalivyofika Kwetu

Afrika ya Mashariki nayo ilikuwa na karatasi yake. Mkataba wa Jumla wa Berlin wa 1885 ulikuwa na sura kuhusu kutoegemea upande wakati wa vita katika eneo kubwa la biashara huru, lililofika hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Eneo hilo lilijumuisha Kongo, na vilevile nchi ambazo baadaye ziliitwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani na ya Kiingereza. Wapo waliodhani mwaka 1914 kwamba mkataba huo ungeziepusha nchi hizi na vita. Lakini kifungu cha 11 kiliweka sharti: nchi hizo zingewekwa nje ya vita kwa ridhaa ya pande zote zinazopigana. Neno ridhaa liliacha mlango wazi, kwa kuwa mmoja asiporidhia, kifungu hakina kazi. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza iliyoitwa Astraea iliipiga kwa mizinga Dar es Salaam, ikilenga mnara wa simu ya upepo. Tarehe 22 Agosti Wajerumani walishambulia Lukuga, katika pwani ya Kongo ya Ziwa Tanganyika.

Vita hivyo vilidumu hadi Novemba 1918, na makumi ya maelfu ya wapagazi Waafrika walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Hawakuwa wamesoma mkataba wowote kati ya tuliyoitaja. Lakini lugha yetu imehifadhi alama yao. Mtaa wa Kariakoo mjini Dar es Salaam, na mwenzake wa Nairobi uitwao Kariokor, yote miwili ilipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi cha jeshi la Uingereza. Kila siku watu hununua ndizi na vitenge mahali palipopewa jina na vita vilivyoanzia katika barua za Vienna na Berlin.

Hitimisho

Vita vilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa 1919 ulisema katika kifungu cha 231 kwamba Ujerumani na wenzake wana dhima ya hasara na uharibifu uliosababishwa na vita walivyovileta. Neno hatia halikuwamo. Lakini nchini Ujerumani kifungu kilijulikana kwa jina la hatia ya vita, na uchungu uliotokana nacho ulitumiwa na wanasiasa waliotaka kuuvunja mkataba wote, Wanazi wakiwamo. Dhima humpasa mtu kulipa. Hatia humpasa kuona aibu. Wafasiri wetu wanaokiita kile "kifungu cha hatia" wana haki ya kufanya hivyo wanapoeleza Wajerumani walivyokisikia. Hawana haki hiyo wanapokifasiri kifungu chenyewe.

Kutokana na hayo tunatoa mashauri matatu. Kwanza, mfasiri wa hati za kisiasa asichague neno kabla ya kujua ni tendo gani neno hilo lilimruhusu au lilimzuia mtu kutenda. Pili, mwandishi wa asili akitumia maneno mawili, Kiswahili nacho kitumie mawili, hata kama moja litakuwa refu au geni kidogo masikioni. Tatu, mwalimu asiseme "mikataba ililazimisha" kabla hajauliza ni nani aliyeisoma mikataba hiyo, na aliisomaje.

Istilahi tulizozitaja, yaani mfungamano, maelewano, kukalia na kutwaa, dhamana ya kila mmoja na dhamana ya pamoja, makataa, mwito wa majeshi, dhima na hatia, ni mapendekezo. Yamkini wapo wasomaji wenye maneno bora zaidi, hasa walimu wanaosahihisha karatasi za wanafunzi na watumishi wanaofasiri mikataba kazini mwao. Hao ndio tunaoomba watuandikie, pamoja na mifano ya sentensi walizokutana nazo, ili maneno haya yapimwe kwa matumizi.